Baglama ya shingo fupi: waya wa juu unakatika kabla ya kufika mi

Mwanzilishi: Wakuu, naombeni ushauri. Baglama yangu (ala ya nyuzi ya Kituruki) ni ya shingo fupi, nyuzi saba katika makundi matatu, nataka kuitengeneza kwa nota la-re-mi. Waya mwembamba wa kundi la juu unakatika kila ukikaribia mi. Halafu freti ya pili (kizuizi kilichofungwa shingoni), nikipima kwa tyuna ya simu, yaani programu ya kusoma nota, haifiki nota "si" bemoli (iliyoshushwa nusu hatua) wala nota "si" kamili. Niisogeze?

NyuziSaba: Mkuu, mi yako iko chini ya la. Tyuna inakuonyesha jina la nota, na wewe unaendelea kukaza mpaka mi ya oktava ya juu, ambayo waya hauiwezi.

Anza na kundi linaloelekea sakafuni: nyuzi mbili nyembamba ziwe la, ule uliosokotwa (wenye waya mwingine uliozungushiwa) oktava moja chini yake. Kundi la kati, zote mbili, teremka hadi re iliyo chini ya hiyo la. Sasa bonyeza kundi la kati kwenye freti ya tatu, utapata mi. Waya mwembamba wa juu ukiwa wazi ulingane nayo kabisa, mwenzake uliosokotwa oktava chini. Na hiyo "la" ni jina tu. Mwimbaji akitaka chini, shusha zote kwa kiasi kilekile.

Koma53: Freti ya pili usiiguse! Hiyo ni nota "si" iliyoshushwa koma mbili, na koma ni kipande kidogo cha oktava. Oktava ya Kituruki hugawanywa koma 53, hatua nzima ni koma 9, kwa hiyo tyuna itasoma takriban senti 45 (senti 100 ni nusu hatua) chini ya nota "si". Ukiinyoosha ifuate piano, nyimbo nyingi za Anatolia zitapoteza ladha yake. Freti ni nailoni iliyofungwa, inasogea, lakini kwanza kagua daraja, kipande cha mti kinachobeba nyuzi: halikugundishwa. Bonyeza freti ya oktava, katikati ya waya. Ikisoma juu kuliko oktava ya waya wazi, sogeza daraja nyuma kidogo. Ikisoma chini, lilete mbele.

Mwanzilishi: Asanteni. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo vinateleza.

NyuziSaba: Sukuma kigingi ndani huku ukizungusha, paka chaki kidogo. Kikigoma kuzunguka, sabuni kavu. Badilisha waya mmoja mmoja, maana ukitoa zote daraja linaanguka na unapoteza alama yake. Seti iwe ya shingo fupi. Ya shingo ndefu imepimwa kwa urefu mwingine.