Kihisi cha vumbi kinanipa namba zisizolingana na ninachokiona (Pongwe, Tanga)

MamaZ_Pongwe: Waungwana, nakaa Pongwe, kaskazini mwa machimbo ya mawe ya chokaa. Upepo wa kusi ukianza, nguo nikianika asubuhi nazianua zimepauka, na kitinda mimba wangu hukohoa usiku kucha. Kila tukilalamika tunaambiwa leteni ushahidi. Basi nimenunua kihisi cha vumbi, kile cha leza, kijana wa jirani akakiunga kitume namba kwenye simu yangu kila dakika tano. Kipo barazani.

Sasa, saa kumi na moja alfajiri, machimbo kimya, PM2.5 (chembe laini kabisa za vumbi) inafika 90. Saa nane mchana baruti imeshalia, vumbi naliona limetanda, inasoma 25! Nikipeleka namba hizi serikali ya mtaa, si nitakuwa nimewatetea wenye machimbo?

Fundi_Chumbageni: Dada, kifaa kizima hicho. Alfajiri huku pwani unyevu unapita asilimia 80. Chembe hewani, hasa za chumvi ya bahari, hunyonya maji zikavimba, na leza inadhani vumbi limezidi. Funga na kipima unyevu hapohapo, ujue saa zipi za kutilia shaka. Halafu jiko la mkaa liko wapi?

MamaZ_Pongwe: Hatua tatu kutoka hapo. Nakihamisha leo leo.

Mzee_wa_Kokoto: Mwanangu, mimi nimefanya kazi machimboni. Vumbi la kulipua na kusaga mawe lina chembe nene. Kifeni cha kihisi hicho hakiwezi kuzivuta, na leza yake huona vizuri zile ndogo tu. Hata PM10, ile inayojumlisha na chembe nene kidogo, inayokuandikia ni makisio. Tega ndoo ya mdomo mpana juu ya nguzo siku 30, kausha kilichoingia, kipime kwenye mizani ya sonara. Kisha tafuta mtu upande wa kusini wa machimbo aweke kihisi kama chako. Kusi ikivuma, kwako ikapanda na kwake isipande, hapo una hoja. Kila mlipuko uandike saa yake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa PM2.5, na 45 kwa PM10, lakini hiyo ni wastani wa saa 24, usikilinganishe na namba ya dakika tano. NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, watapima kwa mashine zao. Daftari lako liwaonyeshe waje siku gani, saa ngapi.

MamaZ_Pongwe: Ahsante sana mzee wangu. Shangazi yake mume wangu anakaa upande huo wa kusini, nimeshampigia, kakubali. Ndoo ninazo mbili. Baruti ya leo imelia saa saba na dakika ishirini, nimeandika.