Likizo ya machipuko na Bibi: Pensacola, Jekyll au chemchemi za Florida?

MamaPacha (Columbus, Ohio)
Wakubwa shikamooni, na wenzangu hamjambo. Naomba ushauri. Mwisho wa Machi shule zinafunga wiki moja, na huku kwetu asubuhi bado tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari. Tuko sita: mimi na mume wangu, pacha wa miaka 9, mdogo wao wa miaka 4, na mama yangu mzazi aliyetufikia Oktoba kutoka Tanga. Tangu aje hajaiona bahari. Juzi tulisimama ukingoni mwa mto Scioto akaniuliza haya maji yanakwenda wapi. Nikamwambia yanaingia mto Ohio, halafu Mississippi, halafu Ghuba ya Meksiko. Akasema, "Basi tuyafuate."

Hoteli kwa watu sita hatuiwezi, kwa hiyo ni hema, usiku nne. Nimebaki na sehemu tatu: kambi ya ngome ya zamani ya Fort Pickens pale Pensacola, Florida, kisiwa cha Jekyll huko Georgia, na chemchemi ya Alexander Springs ndani ya msitu wa Ocala, Florida pia. Ninachotaka ni joto, bahari, na mahali mama hatateseka. Mngekuwa nyinyi mngeenda wapi?

BabaAmani (Louisville, Kentucky)
Fort Pickens, bila kusita. Tumekwenda mara mbili. Mchanga wake ni mweupe kama chumvi ya mezani, na ukiukanyaga unalia chini ya mguu. Maji ni ya kijani kibichi, na kambi iko katikati, upande mmoja ghuba, upande mwingine hori, unatembea kidogo tu umefika. Mchana Machi inafika nyuzi 20 na zaidi kidogo za Selsiasi. Watoto watapenda ngome yenyewe. Ilimalizika kujengwa 1834, na Geronimo, kiongozi wa Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, alifungwa humo kuanzia 1886. Wanangu walipita kwenye vile vichochoro vya matofali na tochi wakasahau kabisa simu.

Jambo lingine, MamaPacha: hao pacha wako kama wako darasa la nne, kuna kadi ya bure ya hifadhi za taifa kwa watoto wa darasa hilo, na gari zima linaingia nayo. Pale getini itawaokolea kiingilio. Kambi yenyewe mtalipia.

Njia pia ni nzuri. Mnashuka na barabara ya 65, Nashville, Birmingham, Montgomery. Mkipenda, mnasimama Mammoth Cave hapa kwetu Kentucky, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Ndani ni baridi ileile mwaka mzima, nyuzi 12 au 13, kwa hiyo masweta yawe karibu.

Dereva wa Masafa (Charlotte, North Carolina)
Naongeza upande wa barabara, maana ndiyo kazi yangu. Columbus hadi Fort Pickens ni karibu maili 850. Columbus hadi Jekyll ni zaidi kidogo ya maili 750, unashuka na barabara ya 77 kupitia West Virginia, unatupita hapa Charlotte, halafu barabara za 26 na 95. Ocala ni maili 900 hivi. Kwa mtoto wa miaka 4 na mama mtu mzima, hakuna hata moja ya kuendesha siku moja. Laleni njiani. Ule mlima wa West Virginia una vituo vitatu vya kulipia na kona nyingi, upiteni mchana, msiupite usiku mkiwa na usingizi.

Na Fort Pickens, kabla hamjaondoka nyumbani angalieni hali ya hewa. Barabara ya kuingilia ni moja tu na iko chini sana. Dhoruba ikipiga, bahari inapanda juu ya lami na barabara inafungwa.

Bi Zuhura (Atlanta, Georgia)
Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Mimi ni wa Mombasa, nimekaa Georgia miaka mingi, na nakwambia mpeleke mama yako Jekyll.

Sikatai kwamba Pensacola ni pazuri. Lakini ile ni bahari isiyopumua. Maji yake hupanda na kushuka mara moja tu kwa siku, na kwa kawaida hayafiki hata nusu mita. Mtu wa Tanga akikaa pale atajiuliza maji yanakupwa saa ngapi. Jekyll bahari inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, mita mbili na zaidi, na wakati wa bamvua utaona mchanga umeachwa wazi mpaka mbali, na nyayo za ndege, na kaa wadogo wanakimbilia mashimo yao. Kambi iko ncha ya kaskazini, chini ya mialoni mikubwa iliyoning'iniza mandevu ya kijivu. Kwa miguu mnafika ufuo wa Driftwood, penye miti mizima iliyong'olewa na bahari ikalala mchangani, imekauka, imekuwa myeupe kama mifupa. Nendeni maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, pale hapana pa kutembea.

Nakwambia na ubaya wake pia. Maji si ya kijani, yana rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya matope ya mito na vinamasi. Na jioni upepo ukitulia kuna usubi. Mvalisheni mtoto mikono mirefu kabla ya magharibi.

KijanaWaKisumu (Orlando, Florida)
Watu wangu, mbona hakuna anayesema ukweli kuhusu kuogelea? Mwisho wa Machi bahari ya Pensacola na ya Jekyll bado ni baridi. Watoto wataingia wakipiga kelele, na baada ya dakika tano wako ndani ya taulo. Alexander Springs maji ni nyuzi 22 mwaka mzima, usiku na mchana, kwa sababu yanatoka ardhini. Ni angavu kiasi kwamba unaona samaki wakipita kati ya miguu yako, na mchanga unateremka polepole, mtoto wa miaka 4 anasimama bila shida. Kama lengo ni watoto kuoga, hakuna mjadala. Ila ni msitu, kuna dubu. Chakula chote, hata dawa ya meno, kinalala ndani ya gari.

Na mkichagua Pensacola, jifunzeni bendera za ufuoni. Mbili nyekundu maana yake hakuna kuingia majini kabisa. Zambarau ni viumbe vinavyouma, kama konyeza. Ile bahari ina mikondo inayovuta mtu kwenda nje, na msitegemee kukuta waokoaji mwezi huo. Ukivutwa usishindane nao, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, ndipo urudi.

MamaPacha
Marahaba ya Bi Zuhura naingoja, shikamoo Bi. Nimesoma kwa sauti, mama yuko jikoni anasikiliza. KijanaWaKisumu umenigusa kwa wanangu, lakini chemchemi haina chumvi, na mama ameshasema maji matamu hata bombani yapo. Kwa hiyo ni Jekyll au Pensacola. Usiku baridi ikoje?

Bi Zuhura
Marahaba mwanangu. Usiku inashuka hadi nyuzi 10 hivi. Mama asilale chini. Mtafutieni kitanda cha kukunja, na chini ya godoro mtandike blanketi, kwa sababu baridi ya hemani inapanda kutoka chini. Ombeni nafasi iliyo karibu na vyoo. Tafadhali hilo msilidharau, usiku ni yeye atakayetembea.

BabaAmani
Nakubali, baridi ni ya kweli. Mwaka wa kwanza nilinunua hema la bei rahisi, mvua ikaja saa nane usiku, mshono wa juu ukaanza kudondosha maji juu ya uso wa binti yangu. Tulimalizia usiku ndani ya gari. Lisimamisheni hema lenu uani wiki moja kabla na mlimwagie maji kwa mpira. Na vigingi viwe virefu, vile vifupi haviushiki mchanga.

Maman Furaha (Lexington, Kentucky)
Bandugu, mimi ni wa Bukavu, na ninataka kuongeza neno moja juu ya Jekyll. Upande wa kusini wa kile kisiwa kuna njia ya kumbukumbu ya Wanderer. Ni jahazi lililoshusha watu pale Novemba 1858, watumwa waliochukuliwa upande wa mto Congo, wakati sheria ya Marekani ilikuwa imekataza kuwaingiza tangu 1808. Waliofika wazima ni zaidi ya 400. Wengine walikuwa watoto. Tulitembea pale na vijana wetu, na ile njia imetengenezwa mtoto aielewe. Mwanangu wa miaka 10 aliuliza kama walikuwa wanazungumza Kiswahili. Nikamwambia hapana, Kikongo na lugha za kule magharibi. Akanyamaza, akaenda kusimama karibu na maji. Pelekeni watoto, lakini mzungumze nao kabla, njiani.

Na kuni msibebe kutoka Ohio, wadudu wanaoua miti wanasafiri ndani yake. Nunueni kulekule.

Dereva wa Masafa
Kisiwa hichohicho kuna hospitali ya kasa, watoto wanawaona wagonjwa wakitibiwa. Mvua ikinyesha, ndiyo pa kwenda.

MamaPacha
Nimelipia Jekyll, usiku nne, nafasi ya pili kutoka vyoo. Aksanti Maman Furaha, hayo ya Wanderer tutaanza kuyazungumza tukishapita Charlotte, watoto wakiwa macho. BabaAmani, Fort Pickens tunaiweka kwa mwakani, kadi ya pacha itatumika kwingine kabla haijaisha. Mama ameshaweka kanga mbili pembeni na ameniuliza swali moja tu, kama asubuhi jua litatokea upande wa maji. Nimemwambia ndiyo, kama Tanga.

Bi Zuhura
Basi kitanda chake kiwe karibu na mlango. Na saa kumi na mbili na nusu uwe umeshachemsha chai, ili mfike ufuoni kabla halijatoka.