Figo ya ndugu yetu wa Dallas: kabla bakuli halijapita

Kutoka: Katibu
Wanajumuiya, habari za Jumapili. Ndugu yetu wa Dallas amefeli figo, na tangu Aprili anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mdogo wake aliyeko Mombasa amejitolea kumpa figo moja. Familia imeomba tuwashike mkono. Shida ni kwamba kwenye WhatsApp mmoja ametaja dola laki mbili, mwingine laki nne, na ahadi zimeanza kumiminika bila mtu kujua zinaenda kulipa nini. Bima ya kazini anayo. Naomba mwenye ujuzi aniambie gharama zenyewe ni zipi kabla sijafungua daftari.

Kutoka: Dada Muuguzi, Houston
Katibu, asante kwa kuuliza kwanza. Mimi nafanya kazi wodi ya waliopandikizwa viungo, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kila siku.

Hizo laki ni bei za kwenye karatasi za hospitali. Mgonjwa mwenye bima haletewi bili hiyo. Bima za kazini nyingi zina ukomo wa mwaka wa kile unachotoa mfukoni. Kwa mwaka 2025 sheria iliweka ukomo huo usizidi dola 9,200 kwa mtu mmoja, mradi hospitali imo kwenye mtandao wa bima yake, yaani ina mkataba nayo. Ukitoka nje ya mtandao, hesabu hiyo haipo tena. Swali la kwanza kwa shemeji, mke wa mgonjwa, basi: kituo alichopelekwa kimo kwenye mtandao wa bima kwa upandikizaji? Nasisitiza upandikizaji, maana kuna bima zinazoikubali hospitali kwa kila kitu kingine, lakini kwa viungo zina orodha yao fupi ya vituo. Akienda kwenye kituo cha orodha hiyo, baadhi ya bima hulipa hata nauli na malazi. Mtu wa kumpigia ni mratibu wa fedha wa kituo cha upandikizaji. Kila kituo anaye, na kazi yake ni hiyo tu.

La pili ni Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani. Watu wetu wakisikia Medicare wanadhani ni ya wazee wa miaka 65. Tangu sheria ya 1972, aliyefeli figo anaweza kuipata akiwa na umri wowote, ilimradi amechangia Social Security, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kazini vya kutosha yeye mwenyewe, au mwenzi wake, au mzazi wake kama ni mtoto. Na si lazima utimize ile miaka 10 ya kazi inayotakiwa kwa wazee. Kwa figo, hata robo 6 za mwaka ndani ya robo 13 za mwisho zinatosha. Kwa anayesafishwa damu kituoni, inaanza siku ya kwanza ya mwezi wa nne. Yeye alianza Aprili, kwa hiyo ni Julai 1. Akijifunza kujisafisha nyumbani ndani ya miezi mitatu ile ya mwanzo, hasubiri. Kituo kinajaza fomu ya CMS-2728, ya kuthibitisha kwamba figo zimefeli, lakini maombi anapeleka yeye mwenyewe Social Security. Hapo ndipo wengi wanapoachwa, wanadhani kituo kimemaliza kila kitu.

Kwa miezi 30 ya mwanzo bima ya kazini ndiyo inalipa kwanza, Medicare inafuata nyuma. Ikiisha, wanabadilishana nafasi. Sasa watu wanasema, kama bima ya kazini inalipa kwanza, ya nini nilipie Sehemu B, ile ya Medicare ya madaktari na matibabu ya kutolazwa, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi? Jibu liko kwenye dawa. Ukishawekewa figo utameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae maisha yako yote, na Sehemu B inazilipia kwa asilimia 80 kwa aliyepandikizwa kituo kinachotambuliwa na Medicare akiwa tayari na Sehemu A, ile ya kulazwa hospitali. Usichukue A ukaiacha B bila kuongea na mratibu, kwani ukitaka kurudi baadaye kuna foleni na faini.

Medicare ya figo hukoma miezi 36 baada ya upandikizaji kama huna sababu nyingine ya kuwa nayo. Zamani watu walikuwa wanafika hapo, wanakosa dawa, figo inakufa, wanarudi kwenye mashine, na Medicare inaanza kuwalipia mashine upya. Upuuzi mtupu. Tangu Januari 2023 kuna mpango wa dawa hizo tu, unaitwa Part B-ID, kwa asiye na bima nyingine; mwaka 2025 ulikuwa dola 110.40 kwa mwezi. Haulipii daktari wala vipimo.

Na jambo moja linatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Fomula ya zamani ya kupima figo ilikuwa inawaongezea alama watu weusi, figo ikaonekana nzima kuliko ilivyo, na mtu akachelewa kuingia foleni ya kusubiri figo. Mwaka 2022 vituo vya upandikizaji vilikatazwa kuitumia, na tangu Januari 2023 vikaagizwa kupitia mafaili na kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopoteza. Ndugu yetu alikuwa anafuatiliwa kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, miaka kadhaa kabla ya mashine, sivyo? Shemeji aombe majibu yote ya damu ya zamani, apeleke kituoni, aulize kama muda wake unaweza kuhesabiwa kutoka huko nyuma. Hata mwenye mchangiaji aandikishwe kwenye orodha. Mdogo mtu akikutwa na sukari wakati wa vipimo, mtaanza upya mkiwa na nini?

Kutoka: Mzee wa Arlington
Nimesoma. Binti yangu, ahsante sana. Mimi nina wazo. Huyu kijana wa Mombasa anatoa kiungo chake. Si haki arudi mikono mitupu. Nina kiwanja Mtwapa, nimekaa nacho muda mrefu. Niko tayari kumkatia kipande kama shukrani, na jumuiya iongeze kitu. Tena kwa nini wasimalizie India, ambako ni bei nafuu?

Kutoka: Dada Muuguzi, Houston
Shikamoo Mzee. Naomba univumilie kwa hili, na ninaliandika hapa wazi ili lisiendelee kwenye WhatsApp. Sheria ya Marekani ya 1984 inakataza kutoa kitu chochote cha thamani kwa kubadilishana na kiungo. Adhabu ni faini ya hadi dola 50,000, au kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Kiwanja ni kitu cha thamani. Kituo kina afisa anayemtetea mchangiaji peke yake, tofauti na timu ya mgonjwa, na atamweka kijana faraghani amuulize: umeahidiwa nini? Akitaja Mtwapa, mlango umefungwa, na sidhani mtapata kituo kingine kitakachofungua.

Kinachoruhusiwa ni kumfidia alichopoteza: nauli, malazi, chakula na mapato ya siku ambazo hatafanya kazi. Hapo ndipo penye pengo, Mzee wangu. Bima ya mgonjwa inalipia vipimo vya mchangiaji, upasuaji wake na kulazwa kwake. Haimlipii tiketi ya ndege wala kodi ya duka lake Kongowea litakalofungwa. Kuna kituo cha taifa kinachosaidia wachangiaji, NLDAC, lakini hicho ni kwa wakaazi halali wa hapa.

Kuhusu India: Medicare hailipi upandikizaji huko, na ile Sehemu B ya dawa niliyoieleza atakuwa ameitupa kwa mkono wake.

Kutoka: Kaka wa Minneapolis
Wadau, mimi nilipandikizwa, figo ilitoka kwa mke wangu, kwa hivyo nitaongeza machache kuhusu vita vya karatasi. Bima ya kazini kwangu ilikataa kipimo kimoja cha moyo, ikasema hakuna umuhimu wa kitabibu. Barua ilikuwa kurasa nne, na sababu yenyewe ilikuwa mstari mmoja chini ya ukurasa wa tatu, pamoja na namba ya kifungu. Namba hiyo ndiyo unampelekea daktari, yeye anaijibu kwa jina lake. Usiandike rufaa ya kulia lia. Una siku 180 za kukata rufaa ya ndani. Wakikataa tena, una miezi minne ya kuomba mkaguzi wa nje asiyeajiriwa nao, na uamuzi wake unawabana. Kama ni dharura, unaomba rufaa ya haraka na wanapaswa kujibu ndani ya saa 72. Kila simu niliandika jina la niliyeongea naye na namba ya kumbukumbu kwenye daftari la mtoto la hesabu. Hilo daftari lilinisaidia kuliko wakili.

Kazi asiache! Nimeona watu wanajiuzulu ili wapumzike, na bima inakwenda nayo. Kama kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi na amefanya kazi mwaka mmoja, ana haki ya wiki 12 bila mshahara huku bima ikibaki. Shemeji naye ana haki hiyo kwa kumuuguza mumewe.

Halafu kuna ule mpango wa kanisani wa kusaidiana matibabu ambao wengine wenu mmeuingia badala ya bima. Ile si bima. Haina sheria ya kuilazimisha kulipa. Sisemi zaidi, Mungu anajua.

Kutoka: Mke wa mgonjwa, Dallas
Nimesoma yote pamoja naye, alikuwa kwenye kiti cha mashine, nikamsomea kwa sauti ya chini. Ahsanteni. Nimempigia mratibu. Kituo kimo kwenye mtandao kwa upandikizaji, na bima inatoa malazi kwa mgonjwa na mtu mmoja wa kumtunza. Medicare sikuwa nimeomba, nilidhani kituo kimeshapeleka. Nimepewa siku ya kwenda ofisi ya Social Security. Shemeji yangu ameshapima kundi la damu Mombasa: halilingani na la kaka yake. Je, ndiyo basi?

Kutoka: Dada Muuguzi, Houston
Pole dada, na si basi hata kidogo. Kuna utaratibu wa kubadilishana: figo yake inakwenda kwa mgonjwa mwingine inayemfaa, na mchangiaji wa huyo anampa mume wako. Mwambie mratibu mnataka kuingia huko. Kwa viza, kituo kitaandika barua ya kupeleka ubalozini Nairobi, ikieleza kwa nini anakuja na nani anagharamia. Ajiandae kukaa miezi miwili au mitatu. Na watamuuliza swali linalowaangusha wachangiaji wengi wa nyumbani: ukirudi, nani atakuangalia? Kituo kinatakiwa kumfuatilia kwa miezi 6, 12 na 24. Mtafutieni daktari wa figo Mombasa mapema, mpate jina na barua. Presha, kreatinini, protini kwenye mkojo. Si vipimo ghali, lakini mtu lazima avilipie.

Kutoka: Katibu
Nimeelewa. Daftari nitalifungua Ijumaa likiwa na mafungu manne: ukomo wa mfukoni wa bima ya mgonjwa kwa mwaka huu, Sehemu B ya miezi 12, safari na malazi ya mchangiaji pamoja na mapato ya duka lake kwa risiti, na vipimo vyake vya Mombasa kwa miaka miwili. Zile ahadi za WhatsApp naomba mzirudie hapa kwa barua pepe, mkitaja fungu. Mzee wa Arlington, kiwanja kibaki chako. Nimekuandika kwenye tiketi ya ndege, kama utaridhia.

Kutoka: Mzee wa Arlington
Nimeridhia. Kwenda na kurudi, niandike zote mbili.