Folda ya mizani iwe repo yake bila kupoteza historia: nimekwama

Binti_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, nahangaika na hili tangu Ijumaa.

Nina mradi wa Git (programu inayotunza historia ya kila badiliko la msimbo) ambao mimi na mwenzangu tuliuandikia kikundi cha wakulima wa viazi wa kule Isyonje. Ndani kuna kila kitu: wanachama, malipo, ujumbe wa simu, na folda inaitwa `mizani`. Hiyo ndiyo roho ya mradi. Mkulima akileta viazi, karani anapima gunia moja moja, programu inatoa uzito wa gunia tupu, kisha mkulima analipwa kwa kilo. Tuliiandika kwa sababu ya lumbesa. Mnunuzi anashonea gunia kilemba, anaondoka na kilo za ziada kwa bei ile ile ya gunia. Mama yangu ameuziwa viazi vyake hivyo tangu niko shule ya msingi.

Sasa wakulima wa maharage wa upande wa Mbozi wameomba mizani peke yake. Mradi mzima siwezi kuwapa, una namba za simu za wanachama wetu. Jamaa mmoja kaniambia ninakili folda, nifungue repo (hifadhi ya mradi) mpya, komiti moja (badiliko lililohifadhiwa na maelezo yake), basi. Sitaki. Sababu za mistari ile ziko kwenye historia. Kuna komiti ya mwenzangu imeandikwa: "Usikate desimali kabla ya kujumlisha. Kwa magunia 40 mama fulani amepoteza karibu kilo 19." Asiyeiona komiti hiyo ataufuta huo mstari kesho akidhani ni upuuzi. Halafu mwenzangu amehamia Dodoma, nataka jina lake libaki kwenye alichokiandika.

Nimejaribu hivi:

`git subtree split --prefix=mizani -b mizani-peke`

Imetoa komiti 61. Ya zamani kabisa ni "nimebadili jina la uzito kuwa mizani". Kabla ya hapo hakuna kitu, na ile ya desimali haipo. Zimekwenda wapi?

Kodi_Mwanjelwa

Dada, hazijapotea, ziko kwenye mradi mkubwa. Subtree inafuata njia uliyoitaja tu. Zamani folda iliitwa `uzito`, kwa hiyo kwake hiyo ni folda nyingine. Jaribu `git filter-branch`, amri ya kuandika historia upya, mimi niliitumia chuoni ikafanya kazi.

Fundi_Mafinga

Kamwene wote. Kaka wa Mwanjelwa umeeleza chanzo vizuri, ila filter-branch tuiache. Tangu toleo la 2.24 la mwaka 2019 Git yenyewe inakuonya ukiiita, na inakuelekeza kwenye `git filter-repo`. Hiyo haiji na Git. Ni faili moja la Python 3, unalishusha na kuliweka mahali ambapo amri zako zinaonekana. Hata kwa bando dogo linashuka.

Dada, kwanza usiguse mradi wenyewe. Tengeneza nakala:

`git clone --no-local mradi mizani-mpya`

Ingia humo, anza na `git filter-repo --analyze`. Haibadilishi kitu, inaandika ripoti ndani ya `.git/filter-repo/analysis`. Fungua `renames.txt` usome kwa utulivu, kwa sababu huwa tunakumbuka jina moja la zamani na kusahau mengine mawili. Ukishayajua yote:

`git filter-repo --path mizani/ --path uzito/ --path-rename mizani/: --path-rename uzito/:`

Njia mbili za kwanza zinachagua cha kubaki. Zile za pili zinaleta faili juu kabisa, ili repo mpya isiwe na folda ndani ya folda.

Hashi za komiti, yaani alama za utambulisho wake, zitabadilika. Ni lazima, kwa kuwa hashi ya komiti inabeba yaliyomo pamoja na hashi ya mzazi wake. Ukigusa ya chini, zote za juu zinageuka. Majina ya waandishi na tarehe hayaguswi, mwenzako wa Dodoma atabaki. Utaona pia `origin`, kiungo cha kurudi kwenye mradi ulionakiliwa, imeondolewa. Imefanywa makusudi, usije ukasukuma (ukapeleka) hii historia mpya juu ya mradi wa zamani.

Jambo moja linanitia hofu. Umesema kuna namba za simu. Una hakika hazijawahi kuingia hata siku moja ndani ya mizani yenyewe? Faili lililofutwa leo bado lipo kwenye komiti za jana.

Binti_Uyole

Kaka wa Mafinga, Mungu akubariki kwa hilo swali la mwisho. Nimekuta `uzito/majaribio/orodha.csv`, majina na namba za watu halisi. Tuliitumia kujaribu programu wiki ya kwanza, tukaifuta, tukasahau. Mikono imetetemeka. Ningeituma hivyo hivyo.

Na `renames.txt` imenionyesha faili ambalo sikulikumbuka kabisa, `lumbesa.py`, lilikuwa nje ya folda zote. Ndimo ilimoanzia hesabu. Nikaongeza `--path lumbesa.py`, na baada ya hapo, ili kuitoa ile orodha kwenye historia yote:

`git filter-repo --invert-paths --path majaribio/orodha.csv`

Nimehakiki kwa `git log --all -- majaribio/orodha.csv`, haileti kitu. Komiti sasa ni 187. Ya desimali ipo, na jina la mwenzangu juu yake. Ndaga fijo, asante sana.

Wenzetu wa Mbozi mtandao wao unasumbua. Nifanyeje?

Seva_Tukuyu

Usisukume popote kama hamna haja. `git bundle create mizani.bundle --all`, unapata faili moja lenye historia yote. Weka kwenye fleshi, mpe mtu anayesafiri. Wao wataandika `git clone mizani.bundle` tu.

Kwenye mradi wenu mkubwa, toa folda ya `mizani`, kisha irudishe kama moduli ndogo, yaani repo ndani ya repo, kwa `git submodule add`. Waambie wenzako wakikloni waweke `--recurse-submodules`, la sivyo watakuta folda tupu na watakupigia simu usiku. Mradi huo ubaki wa faragha, kwa sababu ile `orodha.csv` kwenye historia yake bado ipo.

Binti_Uyole

Nimeelewa, mkuu. Fleshi inaondoka na basi la asubuhi. Leo usiku nashughulikia ule mkubwa, nao niuondolee hiyo orodha.

Fundi_Mafinga

Kabla hujaanza, kila mwenye nakala asukume kazi yake. Ukimaliza, wote wafute nakala zao wakloni upya. Mmoja akiunganisha ya zamani na mpya, zile namba zinarudi.