Mliobadilishiwa kipandikizi cha sikio baada ya miaka mingi, tupeane uzoefu

Mshonaji_Tandika

Habari zenu ndugu zangu. Ya watu wanaowashiwa kipandikizi (kile kifaa cha umeme kinachowekwa ndani ya sikio ili kiziwi asikie) kwa mara ya kwanza nimesoma mengi. Ya sisi tunaowashiwa mara ya pili nayaona machache, na sasa hivi nayahitaji.

Usikivu niliupoteza mwaka 2009 kwa sindano za kanamaisini, nikiwa natibiwa kifua kikuu sugu. (Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumike tena. Nilipoisoma habari ile nilikaa chini nikalia.) Mwaka 2011 ukoo ulichanga nikapelekwa India, maana Muhimbili walikuwa bado, wao walianza 2017. Kifaa kile nilikaa nacho miaka 13. Nimeshona nacho, nimeolewa nacho, watoto wangu wawili nimeisikia sauti yao ya kwanza kwa kifaa kile.

Kikaanza kusumbua. Sauti inakatika, inakwaruza, mara nachomwa nyuma ya sikio kama sindano. Tukabadili waya, koili (kile kiduara kinachonata kichwani), mpaka prosesa yenyewe (mashine ya nje inayovaliwa sikioni), wapi. Wakapima kifaa cha ndani kwa kompyuta, kumbe elektrodi kadhaa, vile vidoa vinavyopeleka umeme kwenye neva ya sikio, zimekufa. Nikapasuliwa, cha zamani kikatolewa, kipya kikapitishwa njia ileile. Wiki nne za kimya kitupu, halafu nikawashwa.

Nilikwenda nikijiambia hii shule nimeshaisoma. Mume wangu akaniita, nikasikia kama filimbi iliyoziba. Leo ni wiki ya saba na bado. Juzi binti yangu kaniambia anataka kusuka, mimi nikasikia kushuka, nikamuuliza anashukia wapi. Akaninyamazia, akachukua simu akaniandikia. Toka azaliwe hajawahi kuniandikia kitu tukiwa tumekaa mkeka mmoja.

Na cherehani. Zamani bobini ikikaribia kuisha nilijua bila kuangalia, mlio unalegea, unakuwa mwepesi. Sasa cherehani, mvua juu ya bati na maji ya bomba vyote ni kitu kimoja. Mliopita hapa mlifanyaje? Ilichukua muda gani?

Mwalimu_Likoni

Pole sana dada yangu. Mimi nilibadilishiwa baada ya miaka 11, na wiki ya tatu nilikuwa naongea kwa simu. Sikwambii hivi kukuumiza. Nakwambia ili ukisikia mwenzio amewahi usijione wewe una kasoro, masikio hayana mashindano.

Mtaalamu wangu wa usikivu alinieleza jambo lililonituliza. Ule uzi wa elektrodi hata ukipitishwa tundu lile lile, unaweza kulala ndani zaidi kidogo au nje kidogo kuliko wa kwanza. Basi sauti iliyokuwa ikigusa neva mahali fulani leo inagusa jirani yake. Ubongo umekaa miaka na anwani za zamani, sasa barua zinafika nyumba ya pili. Lazima uzisome upya. Na ule mpangilio wa zamani wa prosesa huwezi kuubeba ukauweka kwenye kifaa kipya, kila elektrodi inapimwa upya: ndogo kabisa unayoisikia, na kubwa unayoweza kuivumilia.

Kilichonisaidia ni hiki. Kila asubuhi kabla ya chai mke wangu anakaa kama mita moja, anafunika mdomo kwa karatasi, anatamka sauti sita bila mpangilio: a, u, i, m, s, sh. Mimi narudia. M na u ziko chini, s iko juu kabisa, kwa hivyo ukikosa unajua umekosa upande gani. Tulikuwa tunaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza nilipata mbili. S na sh zilikuja mwisho kabisa, dada, kwa hiyo hiyo kusuka na kushuka wala isikutie hofu.

Halafu nikawa nasikiliza kisomo cha Qur'ani huku msahafu nimeufungua, sura ninazozijua kwa moyo. Ukiwa unalijua neno linalokuja, sikio linapata pa kushika. Mkristo achukue Zaburi anayoijua. Usianze na taarifa ya habari, yule msomaji anakimbia na wewe bado unatafuta viatu.

Shangazi_Muscat

Assalaam alaykum. Mwalimu kasema vyema, lakini mimi nina neno kuhusu subira, kwa sababu subira ilinigharimu miezi minne.

Nilibadilishiwa baada ya miaka 15. Kila mtu ananambia vumilia, ubongo unajifunza. Nami nikavumilia. Kumbe kila mtu akipandisha sauti, jicho langu la upande ule linacheza. Mlango ukigongwa, kope inaruka. Mjukuu akilia, shavu linavutika. Nikadhani ni uchovu, au labda kijicho, nikasomewa. Kuvaa nikawa navaa saa mbili tatu kwa siku, navua, kichwa kinauma.

Siku moja mwanangu wa kike tunakunywa kahawa, kaangusha kijiko kwenye sinia, akaniona uso. Akasema mama, hili si la kuvumilia. Tukarudi. Yule bibi wa usikivu akazijaribu elektrodi moja moja, mimi nimeshika kioo. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, akifika katikati, zile mbili, kope hii hapa inaruka. Umeme ulikuwa unavuja kwenda kwenye neva ya uso, inapita karibu sana na koklea, sehemu ya sikio la ndani elektrodi zilipolala. Akazizima zile mbili, akapunguza nyengine. Chini ya saa moja kazi imekwisha. Nilikuwa nimevumilia kitu cha saa moja kwa miezi minne.

Kwa hivyo nawaambia wanangu: sauti kuwa mbaya, ya bati, ya filimbi, hiyo mpe muda. Lakini maumivu, uso kucheza, kizunguzungu kila ukisikia kishindo, sauti iliyokuwa inapanda halafu ikaanza kushuka tena, nenda urudi kesho yake. Usingoje tarehe ya kadi. Na ukienda usiseme tu "sisikii vizuri", hawatajua pa kuanzia. Andika: mlango ukigongwa inakuwa hivi, mtoto akilia inakuwa hivi.

Mgeni_wiki_ya_pili

Samahani wakuu, mimi bado hata sijawashwa. Toka upasuaji chakula kina ladha ya chuma upande mmoja wa ulimi. Kuna aliyepata hii?

Mwalimu_Likoni

Niliipata ndugu. Neva ya ladha inapita sikio la kati, huguswa wakati wa upasuaji. Yangu iliisha polepole ndani ya miezi miwili hivi. Wataarifu tu waiandike.

Kijana_Moshi

Shikamoo mama Mshonaji, shikamoo shangazi. Mimi nilizaliwa kiziwi, nikawekewa nikiwa na miaka minne, nikabadilishiwa nikiwa chuo mwaka wa kwanza. Nataka niseme kitu ambacho wanaosikia hawakielewi.

Daktari aliniambia kifaa kipya ni bora, kina teknolojia mpya, sauti itakuwa "karibu zaidi na ya kawaida". Kawaida ya nani? Kawaida yangu ilikuwa ile. Mama yangu kwangu ni ile sauti ya kifaa cha zamani, sijawahi kuwa na nyingine. Walipowasha kipya alikuja mwanamke mwingine anaongea kwa mdomo wa mama. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Watu walinishangaa, eti si umepata kipya, ungefurahi.

Kwa hiyo mama, ukiwa na huzuni ile usiifiche kana kwamba huna shukrani. Nilimwambia mama yangu ukweli. Hakunijibu kitu. Jioni yake alianza kuniita jikoni akimenya ndizi, ananisimulia mambo ya utotoni mwake, yale yale ninayoyajua, kila siku kama nusu saa. Alikuwa anajitambulisha upya kwangu. Siwezi kusema ni siku gani, ila kuna siku nilimsikia anakohoa chumba cha pili nikajua ni yeye.

Nilivaa kutoka kuamka hadi kulala toka wiki ya kwanza. Nikichoka napumzika sehemu ya kimya, sivui.

Baba_Watatu_Arusha

Nyongeza ya haraka. Kadi ya kipandikizi yenye namba yake, piga picha, weka kwenye barua pepe. Yangu ilipotea tukihama, na kifaa kilipokufa kikiwa na miaka tisa, tulihangaika wiki nzima kuthibitisha tarehe. Kifaa cha ndani mara nyingi dhamana yake ni miaka 10, mwaka mmoja zaidi ningelipa mwenyewe. Na mlioko Dar, Tanga, Mombasa, usiku prosesa ilale kwenye kikopo cha kukaushia, badilisheni zile chembe zikiisha nguvu. Nilikaa Tanga miaka miwili, jasho na joto la kule viliniulia prosesa.

Kwa yeyote anayebadilisha, ulizeni pia kuhusu MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku kubwa. Cha zamani changu sumaku ilibidi itolewe kwanza ndipo niingie. Hiki kipya sumaku yake inajizungusha, naingia nayo.

Mshonaji_Tandika

Nimerudi. Ni wiki ya kumi na tatu.

Shangazi, Mungu akubariki. Uso wangu hauchezi, lakini nilifanya ulivyosema, nikaandika. Niliandika kwamba m na n sizipati kabisa, "mbuzi" inakuja "buzi", "ngoma" inakuja "goma". Nikampelekea karatasi mtaalamu wangu wa usikivu. Akasema kwa nini hukuja nayo mapema, akaziongeza zile za chini. Nilivyotoka pale lango la hospitali nilisikia muungurumo wa daladala mpaka kifuani, nikasimama kidogo.

Mwalimu, daftari tunalo. Binti yangu ndiye anayefunika mdomo, na kipepeo cha ukili. A, u, i, m napata zote. S na sh, juzi nimepata saba kati ya kumi. Simu bado, isipokuwa ya mume wangu, na aongee taratibu.

Kijana wangu wa Moshi, marahaba. Yako niliisoma mara tatu nikampa mume wangu naye aisome. Tangu hapo akirudi kazini anakaa pembeni ya cherehani ananisimulia ya huko kazini, hata kama nina gauni la watu la kumaliza.

Jana nilikuwa nalaza pindo la sare ya shule, kitambaa kigumu. Yeye anaongea. Nikatoa mguu kwenye pedali. Akauliza vipi, nimekosea? Nikamwambia hapana, subiri. Nikafungua chini, nikatoa bobini. Ilikuwa imebaki na uzi kama mizunguko miwili.