Anayeongoza mapema ndiye atakayepitishwa?

Mtoto wa Magomeni: Wakuu, shikamooni wakubwa. Jana kijiweni Mapipa, kwenye kahawa, mzee mmoja aliapa kuwa kule Marekani, mtu anayeongoza tafiti za maoni mwaka mzima kabla ya mchujo wa chama hakosi tiketi ya urais. Nilimbishia, ila mifano ikanikauka mdomoni. Nisaidieni, leo tunaendelea.

Kahawa Chungu: Marahaba. Mkumbushe mzee 2007. Giuliani, yule meya wa zamani wa New York, alikuwa mbele kwa Republican karibu mwaka mzima, Hillary Clinton kwa Democratic. Januari 3, 2008 Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura za mchujo, ikampa Obama ushindi. Giuliani hakupata hata jimbo moja! Mapema vile mtu anapigiwa simu hajawaza lolote, anataja jina alilozoea kulisikia. Huo ni umaarufu, bado si kura.

Mama Wawili: Mzee msimtupe. Bush 1999 aliongoza mapema akapita, Trump 2023 vilevile. Angalieni pengo: la pointi 30 si sawa na la 5.

Mtoto wa Magomeni: Asante dada. Na hapa kwetu 2015?

Kahawa Chungu: Hapo ndipo paliniuma, maana nilikuwa na uhakika. Dar nzima gumzo lilikuwa Lowassa. Julai, Dodoma, yakatoka majina matano, lake halimo; mkutano mkuu wa CCM ukampitisha Magufuli. Ungehoji Kariakoo yote usingeliona hilo, kwa sababu wenye kura ni wajumbe.