Kukosa hamu baada ya kujifungua: ni ugonjwa, au ni soko la dawa?

Mama Wawili, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Mtoto wangu wa miezi mitano bado ananyonya, na tangu nijifungue sina hamu ya tendo la ndoa. Duka moja la dawa hapa Kondele limebandika bango la vidonge vya kina mama, lenye picha ya mwanamke aliyejishika kichwa kando ya kitanda, likidai kwamba wanawake 43 kati ya 100 wana ugonjwa huu. Je, mimi ni mgonjwa?

Mfamasia, Nakuru
Dada, hongera kwa mtoto. Hiyo 43 ilitoka katika makala ya jarida la tiba la JAMA la Marekani, mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya Viagra, dawa ya nguvu za kiume, kuidhinishwa. Wanawake wa miaka 18 hadi 59 waliulizwa kama katika mwaka uliopita waliwahi kukaa miezi kadhaa na shida yoyote kati ya saba za tendo la ndoa. Aliyekubali hata moja alihesabiwa, bila kuulizwa kama ilimkera. Baadaye ilibainika kwamba wawili kati ya waandishi walikuwa na uhusiano na kampuni ya Pfizer, iliyotengeneza Viagra.

Kidonge kinachovuma cha kuongeza hamu ya wanawake ni flibanserin, ambacho awali kilitengenezwa kutibu sonona. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikikataa mwaka 2010 na 2013, kisha ikakiidhinisha Agosti 2015, baada ya kampeni, iliyofadhiliwa kwa sehemu na kampuni yenye kidonge hicho, kudai kwamba wanawake wanabaguliwa. Hoja ya usawa ni tamu, lakini haipimi dawa. Kikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa, kiliongeza takriban tendo moja la kuridhisha kwa mwezi, au pungufu. Nacho humezwa kila siku, na kinaweza kushusha presha hadi mtu akazirai, hasa akinywa pombe.

Muuguzi mstaafu, Kakamega
Mfamasia amesema kweli, ila tusiwacheke wanaoteseka, maana wapo. Mwanangu, mama anaponyonyesha homoni ya estrojeni hushuka, akapata ukavu na maumivu, na uchovu wa kukesha na mtoto humaliza kilichobaki. Ukipeleka mtoto kliniki, mweleze muuguzi hayo, pamoja na dawa yoyote unayotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu. Flibanserin haishauriwi kwa anayenyonyesha. Vidonge vya bango hilo usivimeze kabla ya kujua vina nini ndani, na kama vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Mama Wawili, Kisumu
Asanteni sana. Kliniki ni Jumanne, na baba watoto nitakwenda naye.